Return ya Noel

Noel alijua tangu saa tatu asubuhi, na sasa saa saba inaingia bado kafunga mdomo. Tangu jana ukurasa wa kliniki, ule wa kuchagua siku ya kumwona daktari, ulikuwa mweupe pe! Simu za malalamiko zikamiminika pale ofisini kwao Al Khuwair, huko ughaibuni, walikoutengeneza ukurasa huo, na lawama zote zikamwangukia aliyeuandika, Radhia, binti wa Tanga aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Akishindwa majaribio, viza hana, anapandishwa ndege kurudishwa kwao.

Radhia mwenyewe alishajitwika kosa. "Ni mimi, kaka Noel. Niliita skripti juu kabisa ya ukurasa, ikaanza kutafuta kitufe hata ukurasa haujamaliza kufunguka." Kosa hilo alilifanya kweli, lakini wiki iliyopita, na akalirekebisha siku ile ile. Noel alilikagua kwa macho yake.

Huyu Noel, jamani, unadhifu ulimzidi. Chuoni Mbeya alizoeshwa kwamba bano la kufungulia likae kwenye mstari wake peke yake. Basi juzi, akipitia kazi ya Radhia, akakuta return, lile neno la kurudisha jibu, na bano vimekaa mstari mmoja, akabonyeza Enter kulishusha bano. Basi! JavaScript, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa ukurasa, ikaiona return imebaki peke yake, ikakatia hapo hapo, ikarudisha patupu. Wala haikutoa onyo lolote.

Saa tatu akaliona, akalipandisha bano, tarehe zikarudi. Radhia akaruka kwa furaha, akashuka mbio kumletea chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki. "Mungu akubariki, kaka." Noel akainywa yote.

Saa saba bosi wao, Hamood, akawaita wote wawili. Barua ilikuwa mezani.

"Noel, we ndo msimamizi wake. Nshaandika hajafaulu. Tia saini tu, khalas, yaishe."

Noel akaishika kalamu, akaiweka chini. Akafungua kompyuta, akamwonyesha orodha ya mabadiliko ya juzi. Jina lilikuwa lake Noel mwenyewe.

"Si Radhia, bwana Hamood. Ni mimi."

Hamood akasoma polepole, akaichana barua ile.

"Na umejua lini?"

"Saa tatu."

Radhia alikuwa bado kasimama mlangoni. Akamgeukia Noel.

"Saa tatu," akasema. "Na chai yangu ukainywa."