Jumatano za Kayleen

Tangu astaafu ufundi umeme, Vernon Haugen alijitolea kuendesha gari la kuwapeleka wanajeshi wa zamani kliniki. Kutoka mji wao, kaskazini kabisa mwa Minnesota, ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa imekwanguliwa theluji. Abiria wake wengi walikuwa wazee wenzake, watu wa kulalamikia magoti na kubishana nani alivua samaki mkubwa kuliko mwenzake. Jumatano tu ndipo alipombeba mtu mmoja: Kayleen Dufresne, msichana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa fundi wa malori jeshini.

Jumatano ya kwanza walifika, Vernon akaegesha, Kayleen akabaki amekaa. Alitazama mlango wa kliniki, watu wakiingia na kutoka, karibu wote wanaume, wengine wamevaa kofia za vikosi vyao. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Vernon akawasha gari. Hakuuliza kitu. Wiki iliyofuata ikawa vilevile.

Jumatano ya tatu alimmiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Kayleen akaipokea, akacheka kidogo bila furaha.

"Mzee, wewe huchoki? Unaendesha saa tatu kwenda na kurudi kwa mtu asiyeshuka garini."

"Nyumbani mke wangu ataniambia nipange gereji. Hapa nimekaa raha."

"Mbona huniulizi nina nini?"

"Ukitaka kusema utasema."

Kayleen aliinywa kahawa yote kabla ya kufungua kinywa. Alisema kwa sauti ileile ambayo mtu angeitumia kuelezea gari lililoharibika. Sajenti wake alimwingilia kwa nguvu ndani ya karakana. Alimripoti Jumatatu. Ijumaa wakamhamisha yeye Kayleen, eti kwa usalama wake. Mwezi uliofuata sajenti alipandishwa cheo, wakamkatia keki, na rafiki mmoja wa Kayleen akamtumia picha ya hiyo keki bila kujua kilichotokea.

"Na pale ndani," akasema, akionyesha mlango kwa kidevu, "wote wananuka kama yeye. Najua si wao. Mwili wangu haujui."

Vernon aliushika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Kulikuwa na maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, si daktari, si mchungaji, si mkewe Arlys. Hakuwa amepanga kuyasema siku hiyo.

"Mimi yalinikuta melini, jeshi la majini," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Stoo ya rangi. Walikuwa wawili."

Kayleen akageuka akamtazama.

"Uliripoti?"

"Nilimwambia mkubwa wangu mmoja. Akaniambia nifunge mdomo, nikisema nitafukuzwa mimi. Miaka ile mwanaume akisema hivyo walimwona yeye ndiye mwenye kasoro. Nikafunga mdomo."

"Mpaka lini?"

Vernon akaangalia saa ya gari. "Mpaka saa nne na robo hii."

Kayleen alijikuta akicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Akajifuta kwa mkono wa koti. "Basi mimi siingii peke yangu," akasema. "Tunaingia wote, au tunarudi wote ukapange gereji."

 Vernon alishuka kwanza, akamfungulia mlango.

Waliingia Kayleen akiwa upande wa ukutani na Vernon akimkinga upande wa viti vya kusubiria. Mshauri, Dolores Ybarra, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitoka akawapeleka ofisini kwake. Hakufungua faili lolote.

"Leo sitakuuliza kilichotokea, mwanangu," alimwambia Kayleen. "Niambie unalala vipi, na nini kilikufanya ushindwe kuingia wiki zile mbili."

Kayleen akamweleza habari za mlango na kofia.

"Kuna mlango wa nyuma, karibu na maabara. Ukifika nipigie, nitakuja kukufungulia mwenyewe." Kisha akamgeukia Vernon. "Na wewe, bwana?"

"Mimi dereva tu."

"Si dereva tu," Kayleen akasema. "Mwambie."

Ilimchukua muda. Dolores alingoja, wala hakuandika. Vernon alipomaliza, Dolores alimwambia kulikuwa na kikundi cha wanaume, wanne, wanakutana Jumatano hiyohiyo, na wawili kati yao wamempita umri. Vernon alidhani kwa miaka yote hiyo kwamba yuko peke yake duniani. Kwake wanne walikuwa umati.

Si kila wiki ilikuwa nyepesi. Katika mwezi wao wa pili kuna siku Kayleen alifika mpaka mlango wa nyuma akageuka, na Vernon naye kuna siku alikaa kikundini saa nzima bila kutoa neno. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kufikia wakati barafu ya ziwani ilipoanza kupasuka, Kayleen alikuwa analala saa tano mfululizo, na alikuwa ameomba kazi kwenye gereji ya mjini.

Arlys aliambiwa Jumapili moja baada ya ibada, akimenya viazi. Vernon alisimama karibu na friji akasema yote kwa sentensi chache. Kisu kilisimama. Mkewe alikaa kitini.

"Miaka thelathini na nane ya ndoa, kila ulipojitenga, nimedhani ni mimi ninayekuchosha," akasema.

"Hujawahi kunichosha."

"Ungeniambia, Vern."

"Sikujua nianzie wapi."

Arlys alimvutia kiti, akamkalisha karibu naye. "Hicho kikundi chako kimebakiza Jumatano ngapi?"

"Nyingi bado."

"Haya. Nitakuwa napika mapema, usiondoke na njaa," akasema, akauchukua mkono wake akaushika.