Tangazo la Katibu

"Moja, mbili. Moja, mbili. Jukwaa la mashariki, mnanipata?"

Walinzi wawili waliokaa juu kabisa ya jukwaa la mashariki wakanyoosha mikono kwamba wanampata. Fundi akazima swichi ile, akawasha ya kaskazini, akarudia hesabu yake. Ilikuwa saa saba mchana. Mechi ilikuwa ianze saa kumi, lakini kelele za getini zilishamfikia chumbani mwake, chini ya jukwaa kuu, kupitia dirisha la wavu lililotazama uwanja.

Siku za kawaida alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na pasi. Siku za mechi ndiye aliyekuwa sauti ya klabu. Mwaka wa kumi na nne sasa alikuwa akisoma majina ya wachezaji, mabadiliko, na gari lililoegeshwa vibaya. Watu wasiomjua kwa sura walimjua kwa sauti. Akiagiza chai mgahawani, vichwa viligeuka.

Katibu wa klabu aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu wa kutembea na kalamu tatu mfukoni na simu mbili mkononi, na akiongea nawe alitazama simu.

"Fundi, leo sitaki yale ya wiki jana."

"Yapi, Katibu?"

"Wiki jana wameimba 'kocha toka' dakika nne nzima, ndipo wewe ukakumbuka kuwasha muziki. Mwenyekiti amekaa na wageni wake, uso ameuficha wapi? Leo wakifungua mdomo tu, pandisha muziki. Mpaka mwisho."

"Spika zitaungua."

"Ziungue. Kama huwezi, sema mapema. Kuna jamaa ana mitambo mipya, ananipigia kila siku."

Akatoka. Fundi akabaki ameshika kitambaa cha kufutia vumbi, amesahau alichotaka kufuta.

Hali ya klabu haikuhitaji kuelezwa. Mechi kumi na moja bila ushindi. Leo sare tu ilitosha kuwashusha daraja, timu iliyokuwa daraja la juu tangu Fundi hajaota ndevu. Na mjini kote, kuanzia kinyozi mpaka karani wa posta, mwenye makosa alikuwa mmoja: kocha, ambaye wote walimwita Mwalimu. Mwalimu hajui kupanga timu. Mwalimu amemfukuza Msumari, mshambuliaji aliyefunga nusu ya mabao yote ya mzunguko wa kwanza. Mwalimu ana kiburi, haongei.

Saa nane na nusu mageti yalifunguliwa. Fundi alikwenda kwenye uzio wa mashariki kuangalia waya uliolegea, na aliyemkuta pale ni dada yake mkubwa.

Dada alikuwa mshonaji wa sare za shule, na bendera zote za zambarau zilizopepea upande ule zilipita kwenye cherehani yake. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Akinyanyua mkono, watu elfu mbili walinyamaza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kutuwekea muziki?"

"Dada, nimetumwa tu."

"Umetumwa." Dada alijifunga bendera kiunoni kwa nguvu. "Tiketi imepanda mara mbili msimu huu. Kitu pekee kinachopanda hapa ni tiketi. Nimelipa, nimekaa juani, nataka kusema neno moja tu, 'kocha toka'. Halafu mdogo wangu wa tumbo moja ananifunga mdomo kwa tarumbeta! Mama angekuwa hai ungemwambia nini?"

"Mkataba wangu ukikatwa, nani atanilishia watoto?"

"Mkataba ni wako, si wangu. Ila nakwambia mbele ya hawa: ukiwasha ule muziki leo, nyumbani kwangu usikanyage."

Watu waliokuwa nyuma yake walicheka, lakini yeye hakucheka. Fundi aliukaza ule waya, akaondoka akijifanya ana haraka.

Alipofungua mlango wa chumba chake, alimkuta mtu amekaa kwenye kiti chake. Ni Mwalimu. Alivaa fulana ya klabu iliyopauka mabegani na alikuwa amekumbatia daftari.

"Samahani, Fundi. Nipe dakika tano. Kule kwenye chumba cha wachezaji kila mtu anatazama viatu vyake."

Fundi akasimama. Katika misimu miwili hawakuwahi kusemezana zaidi ya salamu na karatasi ya majina.

"Umeagizwa kuwasha muziki wakiimba?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usiwashe. Au washa, ni kazi yako. Ila mimi sijaomba." Alifungua daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii ni barua ya kuacha kazi. Ni ya tatu; nakala nyingine nimempa Katibu wiki hii. Ya kwanza nilipeleka mwezi ule walipokodisha uwanja wetu wa mazoezi uwe maegesho ya malori. Ya pili, walipomuuza Msumari. Katibu anasoma, anatia drooni. Ananiambia, 'Mwenyekiti anasema subiri msimu uishe.'"

"Walimuuza?" Fundi aliuliza. "Si wewe ndiye uliyesema aachwe?"

"Mimi? Nilifika mazoezini asubuhi nikamkosa. Nikampigia, yuko uwanja wa ndege, analia. Nikamuuliza Katibu, akaniambia nitasikia kwenye tangazo."

Fundi alilikumbuka lile tangazo. *Mchezaji ameachwa kwa pendekezo la benchi la ufundi.* Alilisoma kwa madaha, mara mbili, kwa sababu Katibu alitaka lirudiwe.

"Sasa kwa nini hawakuachii uende?"

Mwalimu alisimama, akaikunja karatasi yake. "Mimi nikiondoka, Fundi, hawa watu watamwimba nani?"

Akaenda kuipanga timu yake.

Saa kumi kamili Fundi alisoma majina. Alipofika kwa Mwalimu, uwanja mzima ulizomea, na yeye alihisi mzomeo ule unaanzia kooni mwake. Mpira ukaanza. Dakika ishirini za mwanzo vijana wa zambarau walikimbia kama wanaokimbizwa na mbwa. Winga alipiga mwamba, watu wakashika vichwa. Baada ya hapo pumzi zikawaishia. Dakika ya thelathini beki mmoja alibutua mpira ukatoka nje ya uwanja kabisa, na ndipo Dada alipopanda juu ya kiti, akanyanyua mkono.

"Kocha toka! Kocha toka!"

Simu ya Fundi ikaita. Hakupokea. Ikaita tena, akaipokea.

"Unangoja nini?" Katibu alifoka. "Washa!"

Aliwasha. Tarumbeta zikamwagika uwanjani, zikaimeza ile sauti ya watu elfu mbili, mpaka refa mwenyewe akageuka kutazama. Kupitia wavu Fundi alimwona dada yake akiendelea kufungua na kufunga mdomo pale juu ya kiti. Kisha chupa ya maji ikaruka na kugonga spika ya mashariki. Ikafuata nyingine. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mstari wake, mikono nyuma, hatazami popote.

Kipindi cha pili kilikwenda vivyo hivyo: wimbo, simu, muziki. Ikafika dakika ya sabini, bado sufuri kwa sufuri. Dakika ya themanini na mbili kipa aliuachia mpira mwepesi wa kona, ukamponyoka kama sabuni, na mshambuliaji wa wageni akausindikiza wavuni kwa goti.

Uwanja ulinyamaza. Mtu mmoja jirani na dirisha la Fundi alisema taratibu, "Basi." Halafu wimbo ukapanda kutoka majukwaa yote manne, mzito, umechanganyika na kilio, na simu ikaanza kuita. Fundi aliiacha iite mpaka ikatulia. Muziki haukuwaka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Katibu aliingia akihema, jasho limelowesha kola. Nje watu walikuwa wakitikisa uzio. Baadhi walishaanza kuelekea upande wa ofisi.

"Soma hii. Upesi, kabla hawajafika juu." Alimsukumia karatasi yenye muhuri ambao wino wake ulikuwa umeshakauka. Tarehe ilikuwa ya juzi.

"Hii imeandikwa juzi," Fundi alisema.

"Wewe msomaji au mpelelezi? Soma!"

Fundi alibonyeza kitufe. "Ndugu mashabiki, tunaomba utulivu. Lifuatalo ni tangazo la uongozi. Kuanzia leo, uongozi umemfuta kazi kocha wa timu."

Shangwe iliyolipuka ilikuwa ya timu iliyotwaa kombe. Watu walikumbatiana. Bendera zilirushwa juu. Katikati ya uwanja Mwalimu, ambaye alikuwa akimsaidia kipa kuinuka, alisimama na kutazama spika. Hakuwa ameambiwa. Akamalizia kumwinua kipa, akampangusa nyasi mgongoni.

Fundi aliutazama mstari uliofuata. *Uchunguzi umebaini kuwa kocha huyo ndiye aliyelazimisha kuachwa kwa mshambuliaji wetu, kinyume na ushauri wa uongozi.*

"Endelea," Katibu alinong'ona.

Aliwaza kibanda chake, ada za shule, yule jamaa wa mitambo mipya. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe, na uwanja mzima ulimsikia akivuta pumzi.

"Mstari unaofuata siusomi," alisema, na sauti yake ilimrudia kutoka pembe zote. "Si kweli. Msumari aliuzwa na ofisi. Nilipowasomea kwamba ni Mwalimu, niliwadanganya, sikujua. Huyu mtu ameomba kuondoka mara tatu, barua zake ziko kwenye droo ya—"

Katibu aling'oa waya ukutani. Taa za mashine zikazimika zote kwa pamoja.

"Umekwisha," Katibu alisema. Hakupiga kelele. Alichukua kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Fundi, akakivuta mpaka uzi ukakatika. "Mitambo yako utaifuata Jumatatu. Ukiikuta."

Nje, Fundi hakukuta alichokitarajia. Wengi walikuwa bado wanacheza. Gari dogo la Mwalimu lilikuwa likitoka polepole getini, na watu waliligonga paa kwa viganja, wakaimba, mmoja akatema mate kwenye kioo. Mwalimu aliwasha waipa, akaendelea na safari yake. Fundi alimshika bega mtu mmoja, akamuuliza, "Hukusikia nilichosema?" Yule mtu alimjibu kwa furaha, "Nimesikia, bwana! Ameondoka!"

Alijipenyeza mpaka upande wa ofisi. Mwenyekiti alishaondoka kwa mlango wa nyuma, mlinzi alimwambia, tangu dakika ya themanini na tano. Mapazia ya ghorofani yalikuwa yamefungwa.

Kwenye ngazi za mbele alikaa Dada, bendera mapajani. Kando yake walikuwa watu wengine, Fundi aliwahesabu: tisa. Wala hawakuimba. Mzee mmoja alikuwa amevua viatu.

"Ulisema ofisi ndiyo iliyomuuza," Dada alimwambia bila kumsalimu.

"Ndiyo."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Nimeambiwa na Mwalimu mwenyewe, na nimeona barua."

Dada alianza kuikunja bendera. "Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu nimemwimba yule mtu kila Jumamosi. Wimbo wenyewe nimeutunga mimi, jikoni kwangu."

Mlango wa ofisi ulifunguka kidogo, kichwa cha Katibu kikatokeza. "Nyie mnangoja nini? Mpira umekwisha."

"Tunamngoja mwenyekiti," Dada alijibu.

"Mwenyekiti hayupo."

"Atakuja kazini Jumatatu. Na Jumanne."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie waje na maji ya kunywa, tumekauka koo."

Mlango ulifungwa kwa kishindo, na komeo likasikika. Wawili waliokuwa wakipita na vuvuzela walisimama, wakauliza kuna nini hapa, wakaambiwa. Mmoja alikwenda zake. Mwingine alikaa.

Fundi alibaki amesimama chini ya ngazi, hajui aende wapi. Dada alisogeza mkoba wake ukaacha nafasi kwenye saruji.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Kaa."