Maji Yaliyomfuata Zumrud

Siku ya raundi ya mwisho Zumrud alikula mkate na jibini akiwa amesimama. Alivaa viatu, akavivua kwa sababu soksi zilikuwa zimejikunja, akavivaa tena. Upepo wa kaskazini ulikuwa unatikisa madirisha ya Baku tangu alfajiri, na katika jengo lile hakuna aliyeweza kutulia mahali pamoja. Mama yake, Bi Sahiba, alikuwa anaingia jikoni na kutoka bila kubeba kitu.

"Leo usipike pilau," Zumrud alimwambia. "Hatutakuwa na wageni."

Bi Sahiba hakuuliza kwa nini. Jana jioni alikuwa amesikia simu ikilia, na alimsikia binti yake akijibu ndiyo, ndiyo Mwalimu, nimeelewa Mwalimu. Aliyepiga alikuwa Mwalimu Nadir, katibu wa kamati ya sataranji. Hakuwahi kumfundisha mtu kitu chochote, lakini mtu wa cheo chake kule haitwi kwa jina tupu.

Zumrud na mwenzake Aytakin walikuwa wanaongoza mashindano ya taifa ya wanawake kwa pointi zilizo sawa, na siku hiyo wangekutana. Atakayeshinda angekuwa bingwa, na bingwa, kwa mazoea, hupata nafasi katika timu inayokwenda ng'ambo kuiwakilisha nchi. Aytakin alikuwa mchezaji mzuri, hilo hakuna aliyelikana. Alikuwa pia binti wa mwenye kiwanda cha saruji, na kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kinalipia tiketi za timu. Mwalimu Nadir alikuwa amemwomba Zumrud ashindwe. Mwaka uliopita pia alimwomba, ashindwe na mwanamke mwingine, na Zumrud akashindwa, kwa ahadi kwamba mwaka huu ungekuwa zamu yake. Sasa aliambiwa kwamba zamu yake bado ipo, haijapotea, ila imesogezwa mbele kidogo. Kama ataona ugumu, kamati itabidi ikitafutie kazi nyingine chumba cha chini ya ardhi anamofundishia watoto. Zumrud alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakujua kazi nyingine.

Kule mtu akisafiri, wa nyumbani humwaga maji nyuma yake ili arudi salama. Bakuli dogo linatosha, na humwagiwa mtu anayekwenda mbali. Bi Sahiba alichukua ndoo. Ilikuwa siku ya maji kutoka bombani, akaijaza mpaka juu, na Zumrud alipoanza kushuka ngazi akaimwaga yote.

Jirani wa ghorofa ya pili alifungua mlango akiwa na ufagio mkononi. "Sahiba, mtoto anapanda metro tu. Vituo vitano. Umemmwagia ya kufika Siberia."

"Nimemwaga ya kumtosha," alisema Bi Sahiba, akafunga mlango.

Maji yalishuka ngazi nyuma ya Zumrud. Kwenye barabara hayakuzama katika nyufa wala hayakukauka kwa upepo. Yalikuwa na ukubwa wa mkeka wa kuswalia, nayo yalimfuata kwa hatua mbili nyuma, yakisimama aliposimama kwenye taa za magari. Katika ngazi za umeme za kushukia treni ya metro, mwanamke anayekaa kwenye kibanda cha vioo alitangaza kwa kipaza sauti kwamba abiria mwenye maji asimame upande wa kulia awapishe wenye haraka. Zumrud alisogea kulia. Maji nayo yakasogea.

Mlangoni pa ukumbi alisimama Bi Rubaba, mwamuzi mkuu, mwanamke mzee ambaye hakuwahi kucheka mbele ya ubao. Simu na vifaa vyote vya umeme vilikuwa marufuku ndani. Alipitisha kifaa chake cha ukaguzi juu ya koti la Zumrud, kisha akainama kwa shida na kukipitisha juu ya maji. Hakikulia. Akamruhusu Zumrud aingie na maji yake, kwa kuwa hakuna sheria iliyokataza.

Zumrud alikuwa na kete nyeupe. Hatua za mwanzo zilikwenda kama zinavyokwenda siku zote, na maji yalitulia chini ya kiti chake. Wachezaji wa meza nyingine walikuwa hawakai; wakishacheza wanasimama, wanazunguka ukumbini mikono nyuma, wanatazama ubao wa wenzao, wanarudi. Upepo ulikuwa unapiga kioo kimoja kilicholegea. Ulipofika wakati wa kushindwa, Zumrud alimshika waziri, yule ambaye kwingine anaitwa malkia, akamweka mahali ambapo farasi wa Aytakin angeweza kumla bila kulipa chochote. Akabonyeza saa inayopima muda wa kila mchezaji.

Maji yalipanda mguu wa meza, yakalowesha ukingo wa ubao, na waziri akateleza kurudi alikotoka. Saa yenyewe haikurudi.

Aytakin alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Akaurudisha.

"Dada, umemrudisha."

"Sijamrudisha. Angalia mikono yangu iko wapi."

Zumrud alikuwa ameikalia. Ndivyo alivyofanya tangu utotoni ili isichezecheze. Waliinua mkono kumwita mwamuzi. Bi Rubaba alitazama ubao, akatazama maji, akavaa miwani na kutazama tena ubao. Akaamua kwamba kete iliyorudi haikuchezwa, kwamba zamu bado ni ya Zumrud, na kwamba muda uliotumika umetumika.

Zumrud alijaribu kutoa mzinga, ile kete ya pembeni. Mzinga ukarudi. Akajaribu kumwacha askari bila ulinzi. Askari akarudi akiacha mstari wa maji. Nyuma, katika viti vya watazamaji, walikaa wazee wenye kofia bapa ambao hawakukosa mashindano hata mara moja.

"Huyu anacheza nini?" aliuliza mmoja.

"Hachezi. Anatoa sadaka."

"Basi imekataliwa. Ajaribu msikiti mwingine."

Kwa kuwa hatua zilikuwa zinarudi, maji yalizidi kutafuta njia, yakaenea chini ya meza za jirani. Katika meza ya tatu wachezaji wawili walikuwa wamekubaliana sare tangu jana, kwenye nyumba ya chai, mbele ya sahani ya karanga. Walikuwa wamekwisha cheza hatua nyingi za haraka na za kupendeza. Maji yalipofika miguuni pao, kete zao zote zilirudi mwanzo, safu kwa safu, hata zilizokwisha liwa zikapanda mezani na kusimama mahali pake. Meza ya tano ikawa vilevile. Meza ya pili na ya nne hazikuguswa. Wachezaji wa huko walikuwa wanacheza kweli, na mmoja wao alikuwa analia kimyakimya. Ukumbi mzima ukaona ni michezo ipi iliyochezwa na ipi iliyoigizwa.

"Nilijua tangu hatua ya nne," alisema mzee mmoja.

"Wewe unajua kila kitu baada ya maji kufika."

Wachezaji wa meza ya tatu walimwuliza Bi Rubaba kama wanaweza kwenda nyumbani, maana mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa. Bi Rubaba aliwaandikia sare. Ya tano pia aliiandika sare.

Zumrud alinyanyuka, akazunguka ukumbi, akajikuta dirishani karibu na kioo kilicholegea. Mwalimu Nadir alikuwa pale, amekishika kioo kwa kiganja kisipige kelele. Hakuwa na hasira. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Achana na kete, mwanangu. Kaa tu. Saa yako ikiisha imekwisha. Maji hayana la kufanya na saa."

"Nikae tu?"

"Ukae tu. Nani asiyeweza kukaa?"

Zumrud alirudi akakaa. Saa yake ilikuwa inatembea. Aliikalia mikono yake, goti likaanza kuruka, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Alitazama dari. Alimfikiria mtoto mmoja wa darasa lake ambaye akishindwa hujificha chini ya meza, na jinsi anavyomtoa huko kwa kumwonyesha hatua moja tu nzuri aliyoicheza. Kisha akautazama ubao, na hilo hakupaswa kulifanya, kwa sababu tembo, kete inayokwenda kimshazari, alikuwa pale, na askari wa Aytakin waliomlinda mfalme walikuwa pale, na kitu kizima kilikuwa wazi kama mlango. Alijaribu kutazama pembeni. Saa ilikuwa imebakiwa na muda wa mtu kunywa glasi moja ya chai.

Mkono wa kulia ulitoka chini ya paja lake. Alimchukua tembo, akamtupa katikati ya askari wa Aytakin, mahali ambapo yeyote angeweza kumla.

Kwa macho ya mtu wa kawaida ilionekana zawadi kubwa kuliko zile zote zilizotangulia. Ukumbi ulisubiri tembo arudi. Aytakin hakunyoosha mkono. Alitazama chini, kwenye maji, akingoja. Maji hayakusogea. Tembo hakusogea. Mzee mmoja kule nyuma alivua kofia.

Aytakin alifikiri muda mrefu, uso ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akamla tembo, kwa kuwa hakuwa na lingine. Baada ya hapo Zumrud alicheza haraka, na kila kete ilibaki ilipowekwa, mpaka mfalme wa Aytakin akakosa pa kwenda. Walipeana mikono. Wa Zumrud ulikuwa umelowa.

Alipewa kikombe na shada la maua. Mwalimu Nadir alisoma hotuba fupi, akampigia makofi kwa moyo wote, kisha akamkaribisha ofisini kwake kwa chai na jamu ya cheri.

"Kikombe ni chako," alisema. "Nani atakunyang'anya? Lakini timu inateuliwa na kamati. Bingwa kwenda ni mazoea, si sheria. Na nguo za timu zimeshashonwa, majina yameshatariziwa mgongoni. Kufumua jina kunaharibu kitambaa."

Zumrud alizungusha kijiko katika glasi ambayo haikuwa na sukari.

"Zamu yangu je?"

"Ipo. Haijapotea."

Wiki hiyohiyo kamati iliongeza kifungu katika kanuni zake: maji yanayomfuata mchezaji yabaki chini ya meza yake mwenyewe, wala yasivuke kwenda meza ya mwingine. Yakanunuliwa mazulia ya mpira yenye kingo. Matokeo ya meza ya tatu na ya tano yalichapwa gazetini kama yalivyoandikwa. Maji yake Zumrud alirudi nayo nyumbani, na Bi Sahiba akayakusanya kwenye ndoo na kuyaoshea ngazi, kwa kuwa kesho yake haikuwa siku ya maji.

Chumba cha watoto hakikuchukuliwa chote. Zililetwa jezi za zamani na mapazia ya ukumbi, vikawekwa katika nusu moja, na Zumrud akaambiwa ashukuru.

Siku chache kabla ya timu kuondoka, Aytakin alishuka ngazi za chumba kile akiwa amevaa koti la timu, jina lake mgongoni kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Kamati ilikuwa imemtuma ajifunze ile hatua ya tembo, kwa maana ingefaa huko waendako. Alikuwa ameleta keki ya asali na hakujua aiweke wapi. Zumrud alipanga kete, akamwonyesha.

"Na nisingemla, ungefanya nini?" aliuliza Aytakin.

Zumrud alimwonyesha hilo pia.

"Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha tangu pale."

"Tangu kabla ya pale."

Walirudia mpaka mkono wa Aytakin ukaacha kusita. Alijifunza haraka. Kisha akaketi akishikashika zipu ya koti, akiipandisha na kuishusha.

"Dada, nikiicheza huko nitasema ni yako."

"Utamwambia nani?"

Aytakin alifikiri. "Mwandishi wa habari, akiuliza."

"Hawaulizi hivyo. Wanauliza umejisikiaje."

"Nijibu nini?"

"Sema umefurahi."

"Nimefurahi," alisema Aytakin.

Zumrud alimrudisha tembo mahali pake pa mwanzo. "Rudia," akamwambia. "Hapo ulisita kidogo."