Mwano wa Saa Nne

Mzee Rajabali alikuwa na amri moja dukani kwake Mkuyuni, na alimrudia mwanawe kila asubuhi mlango wa chuma ukifunguliwa: "Danish, mkono wako usionekane juu ya mtu mweusi mbele ya watu. Hata kwa mzaha." Sababu alikuwa nayo. Akiwa na miaka tisa alimwona baba yake akiburutwa barabarani akiwa na chupi tu, duka likiteketea nyuma yake, kwa uvumi kwamba kampiga mchukuzi. Baadaye, yeye akiwa mtu mzima, ukazuka uvumi mwingine, maduka sita ya Wahindi yakavunjwa kabla ya mchana. Mji wetu ni mkarimu sana, lakini ugonjwa huo huurudia kila baada ya miaka, na kila mara tunashangaa kana kwamba ndiyo kwanza tunausikia.

Kashindye aliijua amri hiyo kuliko Danish mwenyewe. Alivuka ziwa kutoka Kamanga akiwa binti wa Kisukuma wa miaka ishirini, akaja kupika na kufua kwa Rajabali, akambeba Danish mgongoni. Sasa alikuwa na miaka hamsini na ndiye aliyepima kamba na nyavu za wavuvi dukani. Danish alimwita mama, na wala haikuwa adabu ya bure.

Shida ilikuwa Mayala, mchukuzi wa duka. Mayala alikuwa na kifafa. Akianguka watu wote walikimbia, maana huku kwetu tumeambiwa tangu utotoni kwamba povu lile likikugusa, nawe umekwisha. Kashindye, pamoja na kanisa lake lote, naye alikimbia. Danish peke yake ndiye aliyepiga magoti, akamlaza ubavu na kumshika kichwa kisigonge sakafu. Mayala akizinduka alikuwa na swali lile lile: "Danish, saa ngapi?" Danish aliinua mkono wenye saa, akamwambia, kisha wote wawili wakacheka. Amri ya mzee ilivunjwa namna hiyo mara nyingi, ila ndani ya stoo, pasipo macho ya watu.

Jumatatu ile Mayala alianguka nje.

Mzee alikuwa amekwenda Buswelu. Redio ya bucha la Shigela, ng'ambo ya barabara, ilikuwa inatangaza saa nne kamili. Mayala alikuwa na robota la nyavu begani. Alipanda ngazi moja ya baraza, akakakamaa, akaanguka chali. Kisogo kikapiga ukingo wa saruji. Damu ikatoka nyingi. Danish akaruka nje, akapiga magoti juu yake, akamkamata kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, ita watu tumpakie garini! Upesi!"

Kashindye akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mwano.

Msukuma akipiga mwano hapigi kelele tu. Ni wito mrefu wa kooni, wa tangu zamani za wizi wa ng'ombe, na maana yake haina mjadala: adui yumo, njooni na silaha. Anayeusikia haulizi, anaacha tonge sahanini anakimbia. Akifika humtazama mwenye mwano, naye humwonyesha adui kwa mkono. Kwa mgonjwa haupigwi kamwe. Kashindye alilijua hilo tangu anachunga ndama. Lakini aliona damu, na miaka thelathini ya mjini ikamtoka papo hapo.

Walikuja. Shigela na panga lake lenye mafuta ya nyama, wauza mbao, waendesha bodaboda, wanawake wawili na michi.

"Yuko wapi?"

"Pale!" Kashindye akanyoosha mkono kwa Mayala.

Nao wakaona walichokiona: Mhindi amemkalia mtu mweusi, mikono yake inavuja damu.

"Kaua! Mhindi kaua!"

Ubao wa kwanza ulimpata Danish shingoni. Hakukimbia, mjinga yule. Aliinama kumkinga Mayala asikanyagwe. Wa pili ulimvunja Danish mkono. Wakamburuta hadi barabarani, mawe yakaanza, teke juu ya teke, na mtu akamkata Danish bega kwa panga. Nyuma yao vioo vya duka vilikuwa vinaporomoka. "Anamsaidia!" Kashindye alilia. "Si hivyo jamani, anamsaidia!" Nani amsikie? Akavuta pumzi akapiga mwano tena, safari hii kuita wa kumwokoa mwanawe. Wa karibu walikuwa wameshafika wote. Waliouitikia walikuwa wa upande wa soko, na wao wakaja na marungu, wakaingia kupiga bila kujua wanampiga nani.

Ndipo alipojitupa juu yake. Rungu likamvunja ubavu, jiwe likampasua sikio, akamng'ang'ania tu.

"Acheni!" Shigela alinguruma. "Huyu ndiye mwenye mwano! Mwenye mwano hapigwi!"

Mikono ikasimama hewani. Desturi ile ile iliyowaleta ikawashika.

"Mama," Shigela akauliza, "kwani ulituitia nini?"

"Mayala kaanguka kifafa. Danish aliniambia niite watu. Mimi ndiye niliyekosea mwito."

Wa nyuma wakaanza kuondoka, kwanza wakitembea, kisha mbio. Mmoja alipita barazani akachukua robota la nyavu. Shigela alilitazama panga lake, akaliweka chini taratibu na kukaa kando yake.

Chini ya Kashindye, Danish alikuwa hapumui tena. Alimtikisa, akamwita kwa jina la utotoni, akaweka sikio lake zima kifuani mwake. Kimya.

Barazani Mayala alijigeuza. Macho mazito, ulimi mzito, kisogo kinavuja.

"Danish, saa ngapi?"

Kashindye aliuinua mkono wa mwanawe na kuifuta saa kwa kanga. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini ilikuwa inatembea.

"Saa nne na robo," alisema.

Mayala akacheka kidogo kama desturi yao, akanyamaza, akimngoja mwenzake acheke.