Jabir Hatazami Juu

Mara ya sita Jabir alipanda mkarafuu, na mara ya sita akachuma. Nadhira alilitupa daftari lake chini, akamwomba Mola subira, kwani subira yake mwenyewe ilikwisha tangu asubuhi.

Filamu yake ilikuwa ya miaka mia mbili ijayo. Bahari imeimeza Pemba, umebaki mkarafuu mmoja, na mtu wa mwisho anaupanda kuufikia mji ulioko mawinguni. Onyesho hilo tu ndilo lililobaki. Kesho asubuhi filamu ilitakiwa ifike kwa watu waliomwahidi kumsomesha kazi hiyo, na droni ya rafiki yake Asma ilikuwa imebakiwa na betri moja. Alichokitaka Nadhira ni macho: mtu apande akitazama juu, aonekane ana hamu ya maisha mengine.

Lakini Ami Jabir, mchumaji hodari wa Wesha, ndani ya koti linalong'aa la mtu wa anga, alitazama tawi na mkono wake basi. Akiona karafuu zimeiva, mkono unakwenda wenyewe. Mifuko ya koti ilikwishatuna.

"Ami, nakuomba. Tizama juu."

"Huko juu mie nna nini, mwanangu?"

Nadhira akachemka. Akasema atamwonyesha mwenyewe, akakwea na ndara zake miguuni, mtoto wa mjini Tibirinzi asiyewahi kupanda hata mpera. Hasira ilimfikisha usawa wa paa la nyumba, ikamwacha hapo. Akalikumbatia tawi, kupanda hawezi, kushuka hawezi, akalia kwa woga na kwa aibu ya kulia mbele za watu.

Jabir akamfuata. Alipanda akivipita vishada vilivyoiva bila ya kukigusa hata kimoja, na macho yake hayakumwacha Nadhira. Ile ndiyo sura aliyoililia Nadhira kutwa. Asma, bila ya kuambiwa, alikwisha kuirusha droni.

"Nipe mguu," Jabir alisema taratibu.

"Ngoja kidogo, Ami. Nitizame hivyo hivyo."

Asubuhi filamu ilikwenda. Juu kabisa ya picha ya mwisho unaonekana mguu wenye ndara ya buluu, unatetemeka. Asma alimsihi aukate. Nadhira alikataa, kwani bila ya mguu ule Jabir hana cha kutazama.