Mtaa Unaorudisha Vitu

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa, na mimi kukaa sikuzoea. Nimekuwa utingo wa malori, mpishi wa kambi za barabara, mlinzi wa maghala. Shule nimeisoma vipande vipande, mwaka hapa, miezi sita kule, ila mwandiko wa mtu hata uwe mbaya vipi naufumbua, na lugha nne nimeziokota njiani. Ndiyo maana Mtakwimu akanichukua. Huyo alikuwa mama mwembamba, mpole, aliyekuwa anatafuta kinacholeta vita. Hakuwauliza majenerali. Alihesabu.

Tulikuwa wasomaji wawili, mimi na Miwani, karani mstaafu, katika chumba chenye feni mbovu na rafu za mafaili mpaka darini. Kila faili lilikuwa mtaa mmoja, mwaka mmoja: barua, mihtasari ya vikao, daftari la zahanati, malalamiko yaliyopelekwa polisi. Majina ya watu na ya miji yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Nusu ya mitaa hiyo vita viliingia mwaka uliofuata, nusu havikuingia, na sisi hatukutakiwa kujua upi ni upi. Jibu lilikuwa ndani ya bahasha yenye lakiri, mwishoni mwa faili.

"Ukishajua mgonjwa alikufa," Mtakwimu alituambia siku ya kwanza, "kila kikohozi chake utakiona cha kifo. Kwa hiyo someni tu. Na mitaa iliyosalimika isomeni kwa umakini ule ule. Bila hiyo sitajua lolote."

Basi tunasoma, tunajaza fomu ya maswali arobaini. Ndiyo, hapana, haijulikani. Mengine ungeyategemea: bei zimepanda, vijana hawana kazi, mipaka ya viwanja inabishaniwa. Swali la ishirini na sita ndilo lililonishangaza. Je, majirani wanarudishiana vitu walivyoazimana, bila kuombwa?

"Hili kalitunga nani?" nilimuuliza Mtakwimu.

"Sikulitunga. Lilikuwa linajitokeza kwenye barua za watu, tena na tena. Nikalipa namba."

Katika faili la mia moja na kumi na mbili kulikuwa na barua za mwanamke anayemwandikia dada yake. *Leo jirani wa mbele amerudisha ngazi. Ilikaa kwake miaka sita, nilishaisahau. Ameifuta vumbi.* Barua ya pili, limerudi chekecheke. Ya tatu, sindano mbili na kitabu cha watoto. *Dada, watu wamekuwa waungwana siku hizi. Nyumba imejaa vitu vyetu wenyewe.* Ya mwisho ilikuwa mistari mitatu, yote kuhusu mvua. Kwenye daftari la zahanati, nesi alikuwa ameandika mbele ya watoto wanne: *hawakuja, nyumba imefungwa, hakuna anayejua.*

"Mzee, unatikisa kichwa," akasema Miwani. "Faili litadhani umelikubalia posa."

"Soma lako."

"Langu wanagombania kisima, matusi kurasa kumi. Afadhali yao. Anayekutukana bado anakusemesha."

Jumapili nikaenda kwa binti yangu. Anakaa upande wa pili wa mji na wanawe wawili, mumewe yuko kazini mbali na hurudi mara mbili kwa mwaka. Uani nikakuta toroli limesimamishwa ukutani, jekundu, safi kama la dukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Toroli la nani hili?"

"Ni letu! Fundi cherehani aliliazima mwaka ule anajenga, akaligeuza lake. Jana kalileta mwenyewe, kaliosha mpaka magurudumu. Na mama wa kona kaleta sufuria yangu kubwa. Na wale wa nyumba ya bluu, mwavuli. Mtaa mzima umepata akili wiki hii."

Alicheka. Mimi nikaomba maji.

Nikakaa barazani kutazama. Watu walikuwepo, ila kila mmoja ndani ya ua wake. Juu ya uzio uliogawa nyumba hakukuwa na kitu, wala nguo ya mwenzio iliyoanikwa, wala kikapu kilichosahauliwa. Ng'ambo, cherehani ya fundi ilikuwa inalia. Nikisimama, inanyamaza. Nikikaa, inaendelea. Wajukuu wangu walicheza peke yao.

"Wenzenu wako wapi?"

"Wameitwa ndani, babu."

"Tangu saa ngapi?"

Mkubwa akafikiri. "Tangu juzi."

Mfukoni nilikuwa na fomu, na haikutakiwa kutoka ofisini. Nikaijaza pale pale juu ya goti. Majibu thelathini na tisa yalilingana na ya faili lile la mia moja na kumi na mbili, mstari kwa mstari. La arobaini ndilo lililotofautiana: je, kuna familia zilizohama bila kusema sababu? Kule ilikuwa ndiyo. Hapa ilikuwa hapana. Nilitembea mtaa mzima kuhakikisha. Kila nyumba ilikuwa na mtu dirishani.

Jumatatu nikamwekea Mtakwimu fomu mezani.

"Hii ni ya faili gani?"

"Ya mtaa wa binti yangu. Nifungulie bahasha ya mia moja na kumi na mbili."

Aliisoma yote, polepole. "Siifungui. Na hata nikiifungua, itakwambia yaliyowapata wale. Haiwajui wanao."

"Basi niambie unachokijua."

Akavuta daftari. "Bahasha za awamu ya kwanza tulishazifungua. Mitaa yenye majibu kama haya ilikuwa themanini. Iliyopigana ni kumi na tisa."

"Na ikiwa na ndiyo kwenye la arobaini?"

Miwani, kwenye kona yake, aliacha kugeuza kurasa.

"Mitaa arobaini," Mtakwimu akasema. "Iliyopigana ni thelathini na sita."

"Sasa wanahama kwa sababu vita vinakuja, au vita vinakuja kwa sababu wamehama?"

"Hapo namba zinaninyamazia, mzee. Watu wanabeba miavuli na mvua inanyesha. Miavuli haileti mvua."

"Mvua haina macho ya kuona mwavuli, mama. Jirani anayo."

Mtakwimu alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Ndiyo," akasema. "Hicho ndicho kinachoninyima usingizi."

"Wa kwanza kuhama huwa ni nani?"

"Mara nyingi, mwenye ndugu aliyesikia kitu."

Nilitoka bila kuaga. Saa nne asubuhi nilikuwa kwa binti yangu, jua limewaka, mtaa umefagiliwa mpaka unaona mikwaruzo ya fagio. Nilikuwa nimeamua kutomhamisha. Nyumba ishirini na mbili mtaani pale, nami niziletee vita kwa kuonekana nimebeba godoro la mwanangu? Nikaona bora nifanye kinyume. Kama dalili ni kurudisha, basi mimi nitaazima.

Nikavuka kwenda kwa fundi. Mtu yule tulishataniana sana. Mkasi wake wa kitambaa hakuwahi kumpa mtu. Ungemwomba jino angefikiria, lakini kwa mkasi ungetukanwa wewe na ukoo wako, kwamba mtaukatia karatasi mkauue makali. Nikataka matusi hayo. Niliyahitaji.

"Fundi, niazime mkasi wako. Nataka kukata karatasi."

Cherehani ikanyamaza. Alinitazama usoni kwa adabu, kama mgeni. Akaunyanyua mkasi, akaufuta kwa kitambaa, akanipa upande wa mshikio.

"Chukua, mzee."

"Nitaurudisha jioni."

"Usihangaike," akasema. "Hakuna haja ya kuurudisha."

Akainama, akaendelea kushona. Shati alilokuwa analishona halikuwa na kola wala mikono. Alikuwa anapitisha mshono ule ule, juu ya ule ule.

Niliporudi, binti yangu alikuwa anaosha vyombo. "Baba, kulikoni? Umegombana na fundi?"

"Sijagombana naye."

"Mbona uso umekauka?"

"Fungasha. Vitu vya watoto, na vyeti."

"Kwako chumba kimoja, tutalala juu ya mafaili?" Akaanza kucheka, kisha akauona mkasi mkononi mwangu. Alimjua fundi tangu anakuja mtaani pale akiwa bibi harusi. Akafunga bomba. "Nitawaambia nini majirani?"

Niliwaza la kumpa. Harusi, msiba, ugonjwa. Yote aliyetufahamu angeyajua ni ya uongo.

"Hawatauliza," nikasema.

Tukatoka na mabegi matatu, mdogo mgongoni kwangu, godoro tumeliacha. Hakuna aliyeuliza. Mama wa kona alitusalimia vizuri, akaturudishia hata kibakuli kimoja alichokuwa amekisahau, binti yangu akakipokea na kusema ahsante. Nikatembea bila kugeuka, nikihesabu milango kwa pembe ya jicho. Ishirini na moja, yote na watu.

Tulikuwa hatujafika barabarani niliposikia nyuma yetu godoro linaburutwa kwenye saruji, kisha, nyumba ya pili yake, jingine.