Maisha ya Horace Pellow, kwa Mkono wa Mwalimu Marhun

Mwalimu Marhun alizaliwa Tabora, akaletwa Oman akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akasomesha Kiingereza mjini Ibra mpaka alipostaafu. Miaka sita ya kustaafu kwake aliimalizia kuandika, kwanza kwa Kiswahili, kitabu cha maisha ya Mwingereza mmoja aliyekufa zamani, Horace Pellow.

Pellow aliandika enzi za Malkia Viktoria vitabu hamsini na tatu vya kusomwa na wavulana: kijana wa Kiingereza anapotea porini, anapigana na simba, anarudi kwao shujaa. Mwenyewe kifua kilimsumbua tangu utotoni, wala hakuwahi kupanda meli. Afrika yake yote aliitoa katika barua za msafiri mmoja aliyeshikwa na homa Tabora, akauguzwa miezi mitatu nyumbani kwa tajiri wa Kiarabu. Katika kitabu kilichompa Pellow jina, tajiri huyo ndiye katili mwenye mjeledi, na mwisho analiwa na mamba. Pellow alizeeka, akapofuka. Vitabu vyake vya mwisho aliviandika binti yake, na jina la binti halikutiwa hata kwenye kimoja.

Tajiri yule alikuwa babu wa baba yake Marhun.

"Alimpa maziwa ya ng'ombe wake," Marhun alipenda kusema, "na wao wakamfanya chakula cha mamba!"

Watoto wake, Adham na Israa, Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea chai tu. Kwa hiyo kila sura aliyoimaliza alimsomea Zuleha, mfanyakazi wa nyumbani, mtu wa Tabora vilevile, aliyemuuguza mke wa Marhun, Bi Wadha, aliyepooza. Zuleha alisikiliza huku akimkanda bibi miguu.

Alasiri moja Marhun alikuwa akimsomea zile barua za msafiri, nakala alizotumiwa kwa kompyuta na maktaba moja ya Uingereza. Akafunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Baba, hapo umeruka."

"Hapana kitu hapo. Majina tu."

"Ya nani?"

"Ya watu waliokuwamo uani."

"Watumwa?"

"Watu wa nyumba."

"Nisomee, Baba. Kwetu tunaambiwa bibi yetu mmoja alitoroka nyumba ya Mwarabu. Huenda yumo."

"Pellow mwongo, Zuleha! Kitabu changu ni cha kumsuta Pellow."

"Ya mamba aliongopa. Na ya mjeledi?"

Marhun akazikunja barua. "Umekuja kufanya kazi au kunihukumu?"

Siku ya tatu alimrudisha kwenye ofisi iliyomleta. Zuleha aliposhuka garini alimwambia, "Shikamoo, Baba." Marhun hakuitikia. Bi Wadha, ambaye maradhi yalikwisha mnyima usemi, alilia wiki nzima.

Kitabu akakigeuza Kiarabu, kikatoka. Wapenda vitabu wa mji wa Nizwa wakamwalika azungumze, ukumbi ukajaa. Mwanafunzi mmoja, Raghad, akainua mkono.

"Ustadh, msafiri huyo aliandika nini juu ya watumwa wa nyumba ile?"

"Hakuandika kitu," Marhun akajibu. "Hayo Pellow aliyatunga."

Wakampigia makofi, wakampa ngao ya shaba yenye jina lake.

Njiani kurudi Adham ndiye aliyeendesha gari. Walipokipita kijiji cha Birkat al Mauz akasema kwa Kiarabu, "Baba, karatasi zile mimi ndiye niliyekuchapishia kutoka kwenye kompyuta. Majina thelathini na moja. Mengine yana umri mbele yake. Miaka sita, miaka tisa. Nilidhani utayatia mwishoni mwa kitabu."

"Tazama njia."

Adham akatazama njia mpaka Ibra.

Nyumbani mfanyakazi mpya, ambaye Marhun hakuijua lugha yake, alimfungulia mlango akaenda zake jikoni. Marhun akaingia chumbani, akaiweka ngao mapajani mwa mkewe.

"Nizwa wamenipa hii," alisema.

Bi Wadha aliitazama. Kisha, kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, akaisukuma polepole mpaka ikaanguka sakafuni, akageukia ukuta.